Koma na Nukta Katika Darasa la Kakuma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapoona afisa kijana amekaa nyuma ya darasa, kalamu mkononi, uso umekunjamana kama mtu anayesoma barua ya watu wengine. Juzi uliponipigia simu kutoka Lodwar kuniambia kwamba umeteuliwa kuwa afisa wa mtaala wa hisabati, nilifurahi sana. Kisha nikakaa kimya kidogo, nawe ukaniuliza kama mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimeikumbuka siku hiyo. Sasa keti nikusimulie.

Kazi yako mpya ndiyo iliyokuwa yangu. Wakati huo nilikuwa nimefundisha hisabati miaka kadhaa katika shule moja huko Lodwar, na wanafunzi wangu walikuwa wakifanya vizuri, basi ofisi ikanitoa darasani ikaniambia: sasa hutafundisha watoto, utawasaidia walimu wafundishe vizuri zaidi. Unaenda shuleni, unakaa nyuma ya darasa, unatazama somo, halafu unakaa na mwalimu mkazungumza. Kwa maneno ni kazi rahisi. Mimi niliingia nikidhani nimepandishwa cheo kwa sababu najua. Hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa mahali ambapo hujui.

Shule ya kwanza niliyotumwa ilikuwa Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Darasa la sita la shule hiyo lilikuwa limewachanganya watu wote. Watoto walijibu maswali ya mdomo haraka kuliko watoto wengi niliowajua, lakini mtihani wa pamoja ulipokuja, alama zao za hisabati zilikuwa za chini kabisa. Wazazi wakaanza kunong'ona. Kamati ya shule ikasema tatizo ni mwalimu, Mwalimu Byamungu, mkimbizi kutoka Kongo ambaye alikuwa akifundisha kwa posho ndogo kama wenzake wa kambini. Walitaka aondolewe. Mkuu wa shule akaomba wasubiri afisa kutoka Lodwar aje aone, kisha neno lake lifuatwe. Afisa huyo ndiye mimi. Fikiria, mwanangu: mtu ambaye sijawahi kumwona, na riziki yake imewekwa ulimini mwangu.

Nilifika asubuhi, jua likiwa tayari limeanza kupiga mabati. Darasa lilikuwa limejaa. Kulikuwa na watoto wa Kongo na wa Burundi, wa Sudan Kusini, wa Somalia, na watoto wetu Waturkana kutoka mjini waliokuwa wakivuka kuja kusoma huko. Mwalimu Byamungu alikuwa mtu mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi vizuri sana kwa mahali penye vumbi kama pale. Alinisalimu kwa kuinama kidogo, akanipa kiti cha nyuma, akaanza.

Aliandika ubaoni namba ya kugawanya, na hapo hapo nikapotea. Sisi tunapogawanya, unajua, tunachora kama kibanda, namba kubwa inaingia ndani, ile ya kugawia inabaki nje upande wa kushoto, na jibu linakaa juu ya paa. Yeye alichora mstari wa kusimama, akaweka namba ya kugawia upande wa kulia, akapiga mstari chini yake, na jibu likaanza kujitokeza huko chini, kana kwamba limeanguka. Kutoa kwenyewe hakukuandika. Alitoa kichwani, akaweka baki tu. Watoto wakamfuata bila wasiwasi. Nilipomaliza kutafuta alipoanzia, wao walikuwa wamemaliza swali, na jibu lilikuwa sahihi.

Nikajiambia ni bahati. Akaandika swali jingine. Likawa sahihi pia. Nikamtazama msichana aliyekaa karibu nami, Hodan, mtoto wa Kisomali, akifanya kwa njia hiyo ya mstari wa kusimama. Kando yake alikuwa Akiru, Mturkana wa mjini, akifanya kwa kibanda kama nilivyofundishwa mimi. Dawati moja, swali moja, kazi zao hazifanani hata kidogo, jibu ni lile lile. Hakuna aliyemshangaa mwenzake. Aliyeshangaa ni mimi tu.

Kisha likaja swali lililonimaliza. Byamungu alifungua kitabu cha kiada, akanakili ubaoni: 1,250 kugawanya kwa 5.

Akiru akainua mkono. "Mia mbili hamsini."

"Hapana," Byamungu akasema kwa upole. "Angalia muzuri. Hodan?"

"Robo," Hodan akasema. "Sifuri koma ishirini na tano."

"Njo vile," Byamungu akamkubalia.

Akiru akafuta jibu lake kwa kidole, polepole. Mimi nilikaa nimeduwaa. Elfu moja mia mbili hamsini ukiigawanya kwa tano inakuwaje robo? Huyu mtu hajui thamani ya tarakimu? Lakini kama hajui, mbona yale mengine yote aliyafanya bila kosa? Nilitazama ubao, nikatazama kitabu, nikatazama ubao tena. Darasa zima liliendelea na maisha yake. Kuna wakati nilianza kujishuku mwenyewe, nikagawanya tena pembeni ya karatasi yangu, kwa njia yangu, nikapata mia mbili hamsini kama kawaida. Hilo halikunisaidia chochote.

Somo lilipokwisha tukakaa ofisini mwa mkuu wa shule, yeye mwenyewe akiwa ametoka kutupisha. Hapo ndipo kazi yangu ilipotakiwa kuanza. Byamungu aliweka mikono magotini akanisubiri niseme. Nami, mwanangu, nikasema kama mtu anayesoma mwongozo. Nikamwambia watoto wanashiriki vizuri. Nikamwambia sauti yake inasikika. Nikamwambia aboreshe mpangilio wa kazi ubaoni.

"Mpangilio gani, Mama?" akauliza.

"Ule wa kawaida."

Akatikisa kichwa taratibu. "Wa kawaida," akarudia. "Sawa. Aksanti."

Tukaagana. Hakujua nilichosema. Nami sikujua nilichoona. Lakini tulipeana mikono kama watu wawili waliomaliza kazi nzuri.

Jioni hiyo nilikaa katika gesti ya Kakuma mjini na sahani ya anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, mbele yangu, nikajaribu kugawanya kwa njia yake. Nilichora ule mstari wa kusimama, nikakwama. Nikachora tena. Kijana aliyekuwa akihudumu mezani akaniuliza kama chakula ni kibaya. Ilinijia kwamba kamati itakutana Ijumaa, na nikisema huyu mwalimu hafai, nitakuwa namfukuza mtu kwa jambo nisilolielewa. Nikisema anafaa, nitamwacha Akiru akifuta majibu sahihi kwa kidole. Kila upande niliogeukia niliona kosa.

Kesho yake nilirudi Lodwar, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Esekon. Huyu ndiye aliyekuwa na kazi hiyo kabla yangu, na alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Ofisini walikuwa wakimwogopa kidogo kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilimkuta nje ya ofisi, kivulini, akipanga vitabu vyake kwenye katoni.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok, Mzee." Nikamweleza yote. Nilimchorea hata ule mstari kwenye kifuniko cha katoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ulimwuliza?" akasema.

"Nani?"

"Mwalimu."

"Sikumwuliza."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli jinsi ulivyokuwa moyoni mwangu: "Mzee, mimi ndiye nimetumwa kumfundisha. Nikimwuliza anagawanyaje, ataona nini?"

Aliweka kitabu chini. "Arot, nani alikwambia umetumwa kumfundisha? Umetumwa kumsaidia. Utamsaidiaje mtu ambaye hujui anafanya nini? Umekaa nyuma yake somo zima kama mgeni anayengoja chai. Hukumwuliza, halafu ukampa ushauri. Ushauri wa nini?"

Sauti yake haikupanda. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikamwomba basi anieleze yeye ile njia, nipate kujua la kuwaambia kamati.

"Mimi sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijawahi kuiona. Na hiyo robo yako nayo siielewi." Akainama tena kwenye katoni. "Anayejua yuko Kakuma. Nenda ukamwulize kabla Ijumaa haijafika."

Nikamwomba twende wote. Akasema mgongo wake hauwezi tena barabara ile, na tena anastaafu, je, nitamfuata mpaka nyumbani na kila nisichokijua? Niliondoka pale nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Nilikuwa nimekwenda kwa mzee nikitumaini kupewa jibu, nikarudishwa kwenye swali lile lile, na aibu juu yake.

Nilipata nafasi kwenye lori la mizigo lililokuwa likielekea Lokichoggio kupitia Kakuma. Nilipofika shuleni, darasa la sita lilikuwa na mwalimu mwingine. Mkuu wa shule akanieleza kwamba baadhi ya wanakamati walikuja jana yake na kumwambia Byamungu asiingie darasani hadi mkutano. Nikauliza anakoishi, nikaelekezwa, nikapita kati ya nyumba za udongo na nyua za matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, hadi nikamkuta nje ya mlango wake, akikanda udongo wa kuziba ufa ukutani. Hakuwa na lile shati jeupe. Aliponiona akasimama, mikono imejaa tope, asijue kama anipe mkono au asinipe.

"Mama Mwalimu. Umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuuliza," nikasema. "Juzi sikuelewa. Nilikaa darasani kwako mwanzo mpaka mwisho, na namna unavyogawanya sikuielewa kabisa."

Nilidhani atacheka, au atakasirika, na angekuwa na haki ya vyote viwili. Akasema, "Na mimi sikukuelewa wewe. Uliniambia mpangilio wa kawaida. Nilikaa usiku na bibi yangu tukitafuta, kawaida ni nini? Nikaona haya kukuuliza. Wewe ni afisa."

Alinawa mikono, akageuza jerikeni mbili zikawa viti, tukakaa. Akachukua kijiti akachora mchangani ule mstari wake. "Mimi nilifundishwaka hivi tangu niko mutoto. Kwetu bote banafanya hivi. Namba ya kugawia iko huku. Jibu iko chini yake. Kutoa unafanya ndani ya kichwa." Akaenda hatua kwa hatua, nami nikamkatiza kila nilipopotea, na nilipotea mara nyingi. Kisha nikamchorea kibanda changu. Aliuliza kwa nini jibu linapanda juu ya paa. Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa. Hadi leo sijui sababu nyingine.

Halafu nikamwuliza lile la robo. Nikaandika mchangani 1,250.

"Hii ni ngapi kwako?"

"Moja na robo," akasema mara moja, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kwangu ni elfu moja mia mbili hamsini."

Akainua uso. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya koma. Koma inatenga maelfu."

"Hapana, Mama. Koma inatenga nzima na vipande. Maelfu tunaacha nafasi, ao tunaweka nukta."

"Nukta ndiyo inatenga nzima na vipande."

Tukatazamana. Sijui nikueleze vipi, mwanangu. Ilikuwa kama watu wawili ambao wamekuwa wakielekezana njia muda mrefu, kisha wakagundua mmoja wao anaita kulia kushoto. Byamungu akaingia ndani akatoka na karatasi ya ule mtihani wa pamoja. Akanionyesha swali moja la mama aliyenunua sukari kilo 3.750 akawagawia watoto wake watano sawasawa. "Hii," akasema, "nilidhani mutihani yenu iko na makosa. Batoto balisoma kilo elfu tatu mia saba hamsini. Balipata kila mutoto kilo mia saba hamsini. Mimi niliangalia, nikaona hesabu iko sawa. Nikashangaa tu kwa nini walipewa sifuri."

Mke wake alikuwa mlangoni akichambua mchele. "Kilo elfu tatu ya sukari?" akasema. "Huyo mama alinunua wapi? Mumuulize, na mimi niende."

Byamungu akaanza kucheka, nami nikacheka, na tulicheka hadi jirani akachungulia juu ya ua. Lakini kicheko kilipokwisha nikaona macho yake yamejaa maji. "Nimefundisha batoto vibaya?" akauliza. Nikamwambia hakufundisha vibaya. Nilipotaka kuendelea na kusema amefundisha vizuri, picha ya Akiru akifuta jibu lake ikanizuia. Nikabaki na sentensi nusu mdomoni. Yeye akaelewa hiyo nusu, akainamisha kichwa.

Ijumaa tukakutana na kamati. Nilieleza yote: kibanda na mstari, koma na nukta, kwamba mtihani unasomwa kwa desturi ya Kenya na watoto wameusoma kwa desturi ya Kongo. Mwenyekiti, mzee wa Kiturkana aliyekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akayafumbua.

"Sasa huyu mwalimu ako sawa ama hako sawa?"

"Hesabu yake iko sawa."

"Na mtihani?"

"Mtihani pia uko sawa."

"Na watoto?"

"Wako sawa, Mzee."

"Sasa nani amekosea?"

Watu walinigeukia wote. Mama mmoja, mama yake Hodan, akasema kwa utulivu kwamba yeye hataki kujua nani amekosea, anataka mtoto apite mtihani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilisikia jambo nililolielewa. Nikawaambia Mwalimu Byamungu nilimsikia akieleza namba vizuri kuliko walimu wengi ninaowajua, na kwamba yeye na mimi tuko tayari kukaa pamoja kila juma mpaka watoto waweze kusoma namba kwa desturi zote mbili. Byamungu naye akasimama, akaahidi, na akamwomba mama yake Akiru msamaha mbele ya watu. Wakashauriana kwa muda mrefu. Wakakubali abaki hadi mwisho wa mwaka, halafu waone.

Basi nikawa ninakwenda. Alibandika ukutani karatasi mbili, namba moja imeandikwa kwa koma na kwa nukta, na watoto wakawa wanasoma zote kabla ya somo. Alama zikapanda, na kamati ikaacha kuuliza habari za kumwondoa. Lakini sitakudanganya. Wapo watoto ambao ule mtihani wa mwisho wa mwaka uliwachanganya tena, wakaandika koma pasipotakiwa, wakapoteza alama. Mmoja wao alikuwa Hodan. Nilijiuliza, na bado najiuliza, kama ningemwambia Byamungu aifute koma yake moja kwa moja darasani, je, Hodan angepita vizuri zaidi? Au ningekuwa nimemnyang'anya kitu alichokijua barabara nikampa anachokijua nusu? Walimu wazuri niliowauliza walinipa majibu tofauti, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

Byamungu alifundisha pale mpaka familia yake ilipopata safari ya kuhamia nchi nyingine. Hodan alirudia mwaka, akaendelea na shule, na mara ya mwisho nilipomsikia alikuwa anasomea uuguzi. Mzee Esekon tulimzika kwao Lokori. Mimi nimezeeka, magoti yananisumbua, nawe ndiye unayekwenda kukaa kwenye kile kiti cha nyuma.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Utafika darasani na mwongozo mkononi, na watu watakungojea useme. Usikimbilie kusema. Siku utakayoona kitu usichokielewa, na utaona vingi, mwambie mwalimu waziwazi kwamba hukuelewa, tena siku hiyo hiyo, kabla hamjaagana. Haitakupunguzia heshima. Ukijifanya umeelewa, yeye pia atajifanya amekuelewa, na watoto ndio watakaolipa kwa ajili yenu wawili. Usimpe mtu ushauri juu ya kazi ambayo hujamwomba akuonyeshe. Unapoona jibu limekosewa, tafuta kwanza lilitoka wapi, maana mara nyingi kuna akili nzuri nyuma yake, lakini usiache kusema kwamba limekosewa, kwa sababu mtoto atakwenda kwenye mtihani peke yake, bila wewe na bila mwalimu wake. Na ukifika mahali hujui la kufanya, hata baada ya kuuliza kila mtu, usijione umeshindwa kazi. Mimi nilistaafu nikiwa na maswali yangu mengi bado hayajajibiwa, na sioni haya kukwambia.

Nenda salama. Akuj, Mungu wetu, akutangulie katika kila darasa utakaloingia, akupe masikio kabla ya maneno, na walimu utakaowatembelea wafurahi wanapoona gari lako likija. Watoto wa nchi hii kavu wapite mikononi mwako wakue, wajue hesabu, wakujue na wewe kwa wema. Amina, mwanangu.